Ngoma Iliyoachwa Wazi

Mzee Malimi, aliyeileta ngoma ya watemi kutoka Sengerema, alisema maneno machache tu. "Mkiibandua ngozi, wambeni nyingine kabla jua halijazama. Msiiache wazi." Sasa waambie wasomi! Teodora na mdogo wake walimwitikia "sawa, mzee" huku akili zote ziko kwenye ugeni wa kesho.

Ugeni wenyewe ulikuwa maofisa wa wizara. Serikali ilitangaza ruzuku kwa makumbusho yanayohudumia jamii zao, na Teodora, aliyegeuza ghala la pamba pale Igogo kuwa makumbusho, aliitaka ruzuku hiyo kufa na kupona. Bila ngoma, hana cha kuonyesha. Bila ruzuku, ghala linauzwa. Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinauzwa.

Ngozi kuukuu ilikuwa imeliwa na panya. Mdogo wake, Mhoja, akaibandua asubuhi. Mpya ikachelewa machinjioni, ikabidi Teodora aifuate mwenyewe jioni. Alirudi nayo begani, inanuka damu, jua limeshazama ziwani. Mgao wa umeme. Ghala lote giza.

"Mhoja?"

Halafu sauti... kitu kinatafuna, taratibu, kama ng'ombe anayecheua.

Akawasha kibatari. Mhoja alikuwa amepiga magoti, mkono wa kulia umezama ndani ya ngoma mpaka begani. Alikuwa ameuingiza kufuta vumbi la ndani.

"Dada," alinong'ona. "Imenishika."

Akamvuta. Ndani ya gogo kikasikika kitu kinachanika... shaaa... na damu ya moto ikafurika mdomoni mwa ngoma.

"Chukua shoka pale mlangoni. Ivunje, dada."

Teodora akaliinua shoka.

Akasita.

Pumzi moja tu, jamani. Aliwaza kesho. Kisha akapiga kwa nguvu zote, shoka likadunda kama limekutana na mwamba, na ngoma ikamwachia Mhoja yenyewe. Ilikuwa imeshapata ilichotaka. Mkono ulitoka. Ngozi ilibaki ndani. Toka begani hadi kucha ilikuwa nyama tupu, na vidole bado vinacheza.

Majirani walimkimbiza hospitali kwa mkokoteni.

Asubuhi Teodora aliikuta ngoma imewambwa. Nani kaiwamba? Ngozi ya ng'ombe bado ilikuwa sakafuni, imejaa nzi. Hii ya juu ya ngoma ilikuwa laini, ina vinyweleo vya malaika, kama ya mtu. Kabla hajaifunika, hodi ikapigwa.

Ofisa mkuu, mama mmoja mcheshi, aliipiga kwa kiganja akacheka kwa furaha. Ruzuku akaikubali palepale, kwa sharti moja: ngoma isikae kama pambo, watoto wa shule wapigiwe kila Jumamosi. Teodora akasema asante. Angesema nini?

Hospitalini, muuguzi alimweleza kwamba asubuhi ile mgonjwa aliamka anapiga mayowe. "Anasema wanampiga kofi mkononi."

Jumamosi Teodora alilifunga ghala kwa kufuli, akaenda kuketi kitandani kwa Mhoja, ameshika mkono wake mzima. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba kule Igogo ngoma ililia yenyewe nyuma ya mlango uliofungwa, na watoto nje wakacheza mpaka wakachoka.

Wakati ule yeye aliona bandeji tu, zinaanza kuloa.

"Wameanza," Mhoja alinong'ona. Akamgeukia dada yake. "Siku ile ulipoinua shoka, dada... ulikuwa unangoja nini?"