Barua Iliyokwama Kwenye Hifadhi

Walikutana mlangoni mwa lifti saa mbili asubuhi, wakati jengo zima linagombania nafasi ya watu wanane. Yeye, fundi wa kompyuta, alikuwa amekumbatia sanduku la diski, gauni la kijani limemkaa utadhani lilishonewa mwilini. Mwanasheria wa ghorofa ya tano, mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, akaizuia lifti kwa kiatu.

"Ingia, dada. Umebeba dhahabu?"

"Barua pepe za wafanyakazi walioondoka. Nakala moja inabaki hapa, nyingine naipeleka jengo la pili. Tukiungua, zisiungue zote."

"Na unazisoma?"

"Sisomi barua ya mtu, kaka. Naangalia kama zipo zote, nafunga mdomo."

Ofisini walimwita Mama Nakala, ingawa hakuwa na mtoto. Haukupita mwezi mwanasheria akawa anampigia simu ya mezani kila siku saa nne.

"Nakala zimeamkaje?"

"Salama, zinakusalimia."

"Na mwenye nakala?"

"Ana kazi, wewe! Kata simu."

Hakuna aliyekata. Mama Nakala alikuwa anapendwa, anajua, na alifurahi mpaka akawa anaimba peke yake kati ya mashine.

Kisha mwanasheria akapata kazi kwingine. Utaratibu ulitaka sanduku la barua pepe la anayeondoka lifungwe saa kumi na moja, siku yake ya mwisho, lisitume wala kupokea tena. Mama Nakala alilifunga saa nane ili amalize mapema, ajipake wanja, akamuage. Saa kumi na moja alikuwa mlango mkubwa na tai mpya ndani ya karatasi ya zawadi. Alisimama mpaka mlinzi akamletea kiti. Saa moja ujumbe wa mwanasheria ukaingia simuni: "Nimeelewa. Asante kwa yote."

Ameelewa nini? Alilia kwa hasira, akaapa hampigii. Na yule akiapa, ameapa.

Miezi mitatu baadaye ikafika siku ya kujaribu nakala. Unachagua sanduku moja, unalirudisha kutoka kwenye diski, unahakikisha hakuna kilichopotea. Msiniulize kwa nini alichagua lile. Zilizopokelewa, sawa. Zilizotumwa, sawa. Zilizokwama: moja. Imeandikwa saa tisa na nusu, siku ile ile, na anayeandikiwa ni yeye.

Ameizuia mwenyewe! Kidole kikaenda kuifungua, kikarudi. Miaka sita hajasoma barua ya mtu, hata za yule meneja aliyemnyima likizo. Akavunja kiapo, akapiga simu.

Akapokea shangazi wa mwanasheria. "Mama Nakala? Ndiye wewe uliyemkatalia mwanangu? Mtoto amekonda, suruali zinamvuka!"

"Shangazi, nimkatalie nini? Hajaniuliza!"

"Hee! Wewe baba, njoo huku upesi!"

Sauti ya mwanasheria ikaja, nzito. "Nilikungoja ngazi za nyuma mpaka saa moja. Si nilikuandikia? Kwamba usipokuja, sikusumbui tena."

"Haikutoka. Nilikufungia mapema ili niwahi kukuaga. Nilikuwa mlango mkubwa, mwenzangu. Nisamehe."

Mwanasheria akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ifungue, mpenzi. Nimekuruhusu."

"Sifungui. Nisome kwenye diski ya ofisi, na mdomo unao?"

Saa saba mchana mwanasheria alisimama nje ya chumba cha mitambo, maana wageni hawaingii, jasho linamtoka, shati limetoka kwenye suruali.

"Nataka tuoane," akasema. "Niliandika kurasa mbili, lakini kiini ni hicho."

Makarani wawili wakasimama koridoni kusikiliza, bila hata kujifanya wanapita.

"Nimekubali," akasema Mama Nakala, machozi yakimharibia wanja. "Ila barua yako haifutwi. Utaratibu ni miaka saba."

"Na ikiisha?"

"Nitaifungua siku hiyo, nione uliniahidi nini na umetimiza kipi."

Mwanasheria akamshika mikono yote miwili, akacheka, kisha akakunja uso akijaribu kukumbuka. Zile kurasa mbili zilikuwa ahadi tupu kuanzia juu mpaka chini, na alikuwa ameziandika akiwa amependa sana.