Kiu Chini ya Mpichi

Fundi alifika kitaluni jua likiwa limebakiza kidole kimoja juu ya paa la ghala. Alikuwa amefunga cherehani mapema, jambo asilolifanya ila kwa msiba. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne, na alitaka mti uwe ardhini kabla tumbo halijamzuia kuinama.

Mwenye kitalu alikuwa anafunika miche kwa turubai. Wateja walimwita Mzee Kokwa, kwa kuwa mfukoni hakukosa kokwa mbili tatu za pichi, na alizichezea kama tasbihi.

"Tunafunga, mama kijacho," alisema bila kugeuka.

"Umejuaje nina mimba na hujanitazama?"

"Unatembea kama mtu aliyebeba maji. Unataka nini?"

"Mpichi."

"Pichi za kula au za kuangalia?"

"Za kula. Maua nitayaona bure."

Mzee akacheka kidogo, akaja. Alimuuliza kama kwao miezi ya baridi huwa na baridi kweli, kwa sababu mpichi usipoonja baridi haujui kwamba mwaka umegeuka. Akauliza kama maji ya mvua hutuama uwanjani, kwa sababu mizizi yake ikikaa majini inaoza. Akauliza jua linapiga saa ngapi. Fundi alijibu yote. Mzee akachagua mche uliofika kiunoni, shina limenyooka, lenye unene wa kidole gumba.

"Miche ni kama nguo," mzee alisema. "Kila mtu anataka inayomkaa."

"Nguo ikibana naipanua."

"Mti haupanuliwi, dada." Akaushika ule mche lakini hakumpa. "Bado swali moja. Palipokufa mpichi hapapandwi mpichi. Si mila, ni kazi. Mizizi ya ule wa kwanza huacha sumu yake chini, na wa pili ukifika unakuta kiti kimekaliwa. Unasubiri miaka minne, au unasogea hatua kumi. Sasa niambie. Hapo unapotaka kupanda, pamewahi kuwa na mpichi?"

"Hapana," alisema Fundi.

Mzee akatoa kokwa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Haya."

Uwanja wa nyuma wa nyumba yao ulikuwa mdogo. Kushoto palikuwa na shimo la maji machafu. Kulia, ukuta wa jirani ulitia kivuli tangu asubuhi mpaka jioni. Jua lilipiga mahali pamoja tu, napo palikuwa na kisiki cha mpichi wa marehemu.

Marehemu alikuwa mke wa kwanza wa mumewe. Fundi alikuwa ameingia nyumba ile mwaka mmoja na nusu uliopita. Alibadilisha mapazia, akabadilisha jiko, akabadilisha kitanda. Kisiki kilibaki. Kila alipoosha sahani dirishani, kilikuwa mbele yake.

Mumewe alitengeneza saa. Alisema kama saa zake: kinachotakiwa, kisha kimya. Kuhusu mti alikuwa amesema neno moja.

"Panda popote, ila si pale."

"Kwa nini?"

"Si pale tu."

Kesho yake mume alipokwenda kazini, Fundi alichukua jembe akaenda pale pale.

Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu. Kwa urefu wa mkono mzima udongo ulikuwa vumbi. Kisha jembe likagonga mzizi. Aliukata akitegemea ukuni.

Ukatoka maji.

Si utomvu. Maji. Yakatiririka juu ya kidole chake cha mguu, ya baridi. Na harufu ikapanda, ya kokwa iliyopasuliwa, tamu na chungu kwa pamoja. Mti ule ulikuwa umekatwa miaka miwili iliyopita. Fundi alisimama pale, jembe mkononi. Kisha akajiambia kwamba yeye ni mtu mzima, na kwamba chini ya ardhi daima kuna unyevu. Akakata mizizi aliyoifikia, ya chini zaidi akaiacha, akatia samadi, akapanda.

Mume aliporudi jioni alisimama kwenye mlango wa jikoni, mfuko bado begani.

"Nilikwambia si pale."

"Jua liko pale tu."

Hakuutazama mti. Alitazama tumbo la mkewe.

"Basi," alisema.

Usiku ule alikula vijiko vitatu.

Baridi ilipita, mche ukatoa majani. Mtoto naye akaanza kucheza tumboni. Fundi aliwahesabia wote wawili: majani asubuhi, mateke jioni.

Halafu ikaja ile sauti.

Ilikuwa magharibi. Alikuwa chumba cha mbele, anakata nyuzi kwenye pindo la gauni la mteja, cherehani imenyamaza. Sauti ilitoka uwanja wa nyuma.

Gugu... gugu... gugu...

Kama mtu anayekunywa kwa pupa, bila kupumua.

Alipofika dirishani hapakuwa na mtu. Mumewe alikuwa bafuni ananawa miguu. Udongo chini ya mche ulikuwa mweusi. Na mtoto, ambaye saa ile ndiyo yake ya kurusha mateke, alikuwa ametulia kama aliyeambiwa anyamaze.

Ikawa hivyo kila jioni. Gugu... gugu... na tumbo linatulia. Kliniki, muuguzi aliweka kifaa, akasikiliza moyo, akatabasamu. "Anapumzika tu, dada. Na wao wana ratiba zao."

Lakini majani yalianza kujikunja. Yakavimba, yakawa mekundu na mazito, kama ndewe za masikio. Shina likatoa utomvu matone matone. Mimba ilipofika mwezi wa saba, mche ulikuwa umebaki na majani sita. Asubuhi moja ya Ijumaa yakawa mawili, na mtoto hakucheza kabisa. Saa nne, kimya. Saa nane, kimya. Saa kumi Fundi alichota udongo wa pale kwa mfuko wa plastiki, akaenda kitaluni.

Mzee Kokwa aliuminya udongo kiganjani. Maji yakapita kati ya vidole.

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Ndoo moja. Kila Jumamosi."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Basi kuna mwingine anaumwagilia."

Fundi akaketi juu ya gunia la samadi. Akamweleza kuhusu kisiki, na kuhusu ule uongo.

"Nilijua," mzee alisema. "Mwenye kusema kweli hufikiri kwanza. Wewe ulijibu kabla sijamaliza." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Mche wako haunywi. Umeshaoza chini. Anayekunywa ni yule wa kwanza."

"Ulikatwa, mzee. Miaka miwili sasa."

"Kisiki kilikatwa. Mzizi nani aliuambia?"

"Nifanye nini?"

"Kwa mti, ningekwambia ukatishe maji. Mzizi ufe kiu, yaishe." Akatazama tumbo lake, kisha akatazama pembeni. "Ila kwanza muulize anayeupa maji kwa nini anaupa. Mtu hanyweshi kisiki miaka miwili kwa kukosa kazi."

Aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, taratibu. Mumewe alikuwa amepiga magoti, jagi la bati mkononi, suruali imekunjwa. Hakuwa anaumwagilia mche. Alikuwa anamimina kwenye ufa, kando ya kisiki.

Gugu... gugu... gugu...

Ardhi ilikuwa inameza.

"Tangu lini?" Fundi alinong'ona.

Mume hakushtuka. Mabega yake yalishuka tu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Tangu alipofariki."

"Kila siku?"

"Kila jioni. Kisha nanawa miguu."

"Kwa nini?"

"Aliniomba. Siku zake za mwisho, hawezi hata kugeuka kitandani. Alisema, 'Mti wangu usione kiu.' Nikaahidi."

"Na ukaukata."

"Nilidhani nikiukata, ahadi itakuwa imekwisha. Nikalala. Kesho yake jioni nikasikia unameza mate."

Fundi alinyoosha mkono. "Nipe jagi. Leo basi. Mwenye kitalu amesema tukatishe maji, na mtoto hajacheza tangu asubuhi."

Mume alilikumbatia jagi kifuani.

"Niliwahi kukatisha," alisema. "Mwaka jana. Nikajiambia, nimeoa, nina mke ndani, huu ni ujinga gani. Nikaacha siku nne."

"Siku nne zipi?"

Mume alitazama kidole cha mguu wake.

Fundi hakuhitaji jibu. Mwaka jana alikuwa na mimba nyingine, ya wiki kumi na moja. Siku ya kwanza ilikuwa maumivu ya kiuno. Ya nne, alisimama kutoka kwenye kiti cha cherehani na kiti kilikuwa chekundu. Daktari alisema mambo haya hutokea.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambiaje? Kwamba mtoto wetu amechukuliwa na kisiki?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

Jua lilikuwa linaondoka ukutani. Jagi lilikuwa nusu. Mzee Kokwa alijua miti. Mumewe alijua siku nne. Tumboni hapakuwa na kitu kilichosogea.

Fundi alilichukua jagi. Ilimchukua muda kupiga magoti.

"Pole, dada," aliuambia ule ufa. "Nilikuta mahali pako, nikakaa bila kupiga hodi."

Akamimina.

Gugu... gugu...

Yalipokwisha, ardhi ilitoa pumzi. Harufu ya kokwa ikampiga usoni.

Mtoto akapiga teke. Mara mbili, chini ya mbavu, kwa nguvu ya kumfanya ashike kisiki asianguke.

Kesho yake aliung'oa ule mche. Ulitoka kama pini kwenye kitambaa. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Tangu siku hiyo waligawana jioni, leo yeye, kesho mumewe. Mtoto akawa anacheza vizuri mpaka muuguzi akamtania kwamba amebeba mcheza mpira.

Uchungu ulimwanza wiki mbili kabla ya siku. Ilikuwa mchana. Mume alifunga duka, wakaenda hospitali wote wawili, na katika ile haraka ya kanga na vyeti hakuna aliyefikiria jioni. Fundi ndiye aliyekumbuka. Maumivu yalikuwa yamepumzika, akaona dirisha la wodi limegeuka rangi ya udongo.

"Maji," alisema.

Muuguzi akamletea kikombe.

"Si mimi," alisema Fundi, akamtazama mumewe.

Mume hakuuliza. Alitoka mbio, muuguzi akabaki anashangaa mwanamume anayemkimbia mke wake kitandani.

Alifika nyumbani jua limeshazama. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwake, na hakuna mwingine aliye nao. Aliwasha taa ya uwanjani.

Kisiki kilikuwa kimeshamwagiliwa. Povu lilikuwa bado juu ya udongo, linapasuka moja moja.

Aliporudi hospitali, mtoto alikuwa amezaliwa. Msichana, kilo tatu, sauti ya kufukuza ndege shambani. Mume alimweleza mkewe alichokiona, nao wakakubaliana kwa macho kwamba huenda ni rehema. Walilala wakiamini hivyo.

Asubuhi muuguzi wa zamu ya jana alipita kuaga.

"Dada yako ni mpole," alimwambia Fundi.

"Sina dada."

"Yule aliyekuja magharibi, mara tu ulipojifungua. Ulikuwa umesinzia. Mikono imejaa udongo, nikamwambia huwezi kushika mtoto hivyo, mama, nenda kanawe. Akaenda akanawa bila neno."

Fundi alimvuta mtoto karibu. "Akamshika?"

"Kidogo tu. Alikuwa anamnusa. Nikamwambia mwachie mama yake, anataka kunyonya. Akamrudisha vizuri kabisa." Muuguzi alikuwa anavaa koti lake. "Akasema hana haraka. Atakuja kumchukua akishaacha ziwa, wewe upumzike. Ni bahati kuwa na ndugu wa hivyo."

Mtoto alitimiza miaka minne mwezi uliopita. Ana meno yote. Anahesabu mpaka ishirini, na anajua kutia uzi kwenye sindano kuliko wateja wengi wa mama yake. Majirani wanacheka. "Fundi, huyo utamnyonyesha mpaka siku ya harusi yake," wanasema, naye anacheka nao.

Maziwa yalianza kupungua mwaka jana. Wiki hizi ni tone, na siku nyingine hata tone hakuna. Mtoto mwenyewe amechoka. Anageuza uso, anataka kwenda kucheza.

Jioni ikifika, Fundi anamwita ndani. Anafunga mlango, anamweka mapajani, miguu ya mtoto inafika sakafuni.

"Vuta," anamnong'oneza. "Vuta, mwanangu, hata kama hakuna."