Hujambo, Panga?

Sogeeni, sogeeni. Mwenye masikio asikie. Mwenye usingizi angoje kidogo.

Mboni alikuwa msichana mdogo mwenye haraka kubwa. Aliishi karibu na shamba la mkonge.

"Shikamoo, Babu!" Babu akafungua kinywa aitikie. Loo, Mboni hayupo! Papa, papa, papa! Keshafika kisimani.

Watu wakacheka. "Mboni! Salamu huku, miguu kule!"

Jioni moja, Kishungi alipotea. Kishungi ni mwanambuzi wa Mboni, mweupe, mwenye nywele zilizosimama kichwani. Alikuwa ameingia kwenye mkonge, mrefu, wenye miiba.

Jua lilikuwa linashuka. Mboni akalia. "Kishungi wangu atalala peke yake!"

Shangazi Hidaya akaja na droni yake. Ni kindege kidogo chenye kamera na mapanga manne yanayozunguka. Shangazi huitumia kutazama mashamba kutoka juu.

"Irushe, Shangazi! Sasa hivi!"

"Kwanza tuikague," akasema Shangazi. "Isalimie. Wewe si bingwa wa salamu?"

"Hujambo betri hujambo kamera hujambo panga panga panga panga! Tayari! Irushe!"

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mboni! Salamu huku, miguu kule! Umejibiwa?"

Mboni akakuna kichwa. "Mmh... bado."

"Basi ngoja jibu."

Mboni akachuchumaa. Kungoja ni kazi ngumu jamani!

"Hujambo, betri?" Akabonyeza. Taa za kijani zikawaka. Betri imeshiba. Betri haijambo!

"Hujambo, kamera?" Kamera ina vumbi. Mboni akaipangusa. Fu, fu, fu. Kamera haijambo!

Yakabaki mapanga. Ni kama mapanga ya feni, ila madogo. Mboni akazungusha moja kwa kidole.

"Hujambo, panga?" Sssss. Halijambo!

"Hujambo, panga?" Sssss. Halijambo!

"Hujambo, panga?" Sssss. Halijambo!

"Hujambo, panga?" Kwi, kwi, kwi.

Mboni akatega sikio. Kwi, kwi, kwi. "Shangazi! Hili linaumwa!"

Shangazi akalitazama. Lilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. "Hili lingekatika huko juu. Droni ingeanguka, puu!"

"Na Kishungi?"

"Tungetafuta wawili waliopotea."

Shangazi akafunga panga jipya. Mboni akalizungusha, akangoja. Sssss. "Halijambo, Shangazi!"

Betri ikaingia, kach! "Rudi nyuma, Mboni. Nyuma zaidi." Vuuuuum! Droni ikapaa.

Wakatazama kwenye simu ya Shangazi. Mkonge. Mkonge. Mkonge. Kidoa cheupe!

"Kishungi!" Kishungi alikuwa anatafuna majani, hana habari.

Babu akaenda kumchukua. Akarudi naye begani. Mee! Mee!

Mboni akamkimbilia. Papa, papa, papa! Halafu akasimama.

"Shikamoo, Babu."

Babu akafungua kinywa. Mboni akangoja. Babu akakohoa kwanza. Mboni akangoja. Babu akapangusa pua, polepole, makusudi kabisa. Mboni akangoja tu.

"Marahabaaa, mjukuu wangu!" Babu akafurahi, akamkabidhi Kishungi wake.

Usiku, Mama akamfunika Mboni shuka. Kishungi alikuwa bandani, ubavuni mwa mama yake.

"Lala salama, Mboni."

Mama akangoja jibu. Akangoja.

Khorrr... fyuu. Khorrr... fyuu.

Mama akacheka kimyakimya. Mboni hajambo.