Mawimbi Ndani ya Sanduku Jeupe

Florentine alishuka kutoka ndani ya sanduku akikamua pindo la kitenge chake, akamwuliza Agathe kwa nini hakuwaonya wateja kwamba humo ndani kuna maji.

"Maji gani, mama?"

"Iyi hapa." Akamnyooshea pindo. Lilikuwa limelowa chapachapa, tena likinuka ziwa, ile harufu ya matope na samaki wadogo wa ndagala walioanza kuoza inayobaki mchangani mawimbi yakisharudi.

Agathe alicheka kidogo, kwa adabu. Ni kweli mashine ilikuwa na vijitundu vya kurushia manyunyu usoni mwa abiria, lakini tanki lake lilipasuka njiani wakati wa kuletwa Uvira, na halijawahi kutiwa maji hata kikombe. Alilijua hilo vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha kila siku. Alimpa Florentine kitambaa cha kujifutia, akaita wateja wengine.

Sanduku lilikuwa kama minibasi lisilo na magurudumu, jeupe, limesimama ndani ya hangari kando ya barabara kuu juu ya miguu ya chuma inayorefuka na kufupika. Ndani mlikuwa na viti vya mikanda, na mbele yake skrini iliyomeza ukuta mzima. Watu walitoka hata mji wa Sange kuja kupanda treni ya milimani bila kuondoka Uvira. Fundi aliyeifunga alikuwa amemweleza Agathe siri yake. Treni ya kwenye picha ikiongeza mwendo, miguu hulilaza sanduku nyuma polepole. Mgongo unagandamizwa kwenye kiti, na mwili unaamini kwamba unakimbia kwa kuwa macho nayo yanasema hivyo. Treni ikitumbukia bondeni, kiti kinatumbukia. Feni zinapuliza upepo. "Macho na masikio ikishapatana mu uongo," fundi alisema, "tumbo haina nguvu ya kukataa." Sanduku lenyewe haliendi popote.

Mume wa Agathe, Octave, ndiye mwenye mashine, na hakuwahi kuipanda. Zamani alikuwa na boti ya mbao yenye injini, akipeleka watu mji wa Baraka kwa njia ya ziwa, mpaka mwaka juzi upepo ulipoipindua karibu na Makobola. Wavuvi walimkuta yeye peke yake, amekaa juu ya mgongo wa boti. Abiria wote walikuwa wamekufa. Watu wa kanisani walimwombea, wakamshukuru Mungu pamoja naye, naye tangu siku ile hakutia hata kidole cha mguu ziwani.

Baada ya Florentine wakaja wengine na malalamiko ya namna hiyo. Mmoja alitoka na mchanga ndani ya viatu. Mwingine, mwanaume mzima, alishuka akatapika mlangoni, akasema treni ilikuwa nzuri lakini viti havikuwa vikiifuata. "Macho yangu ilikuwa ku mulima," alisema akijifuta mdomo, "lakini tumbo ilikuwa mu ziwa."

Agathe alikagua kompyuta. Faili la picha na faili la mwendo yalikuwa yaleyale. Ndipo akaamua kupanda mwenyewe, mchana kweupe, hangari ikiwa tupu na jua likichoma mabati. Aliwasha, akaingia, akajifunga mkanda.

Treni iliondoka. Milima, theluji, anga la bluu. Kisha kiti kikaanza kuyumba, kwanza kulia, halafu kushoto, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto, na harufu ya matope ikapanda kutoka sakafuni. Theluji ikaingia giza, reli zikayeyuka, na pale palipokuwa na milima ya kigeni ikasimama milima aliyoizoea tangu utotoni, ile inayoshuka Makobola mpaka majini, ila sasa aliiona kutoka chini, chini kabisa, kama mtu aliyezama mpaka shingoni, na kila wimbi lilipoficha nchi kavu kifua chake kilibanwa na pumzi ikakatika, hata alipoona mbele yake mgongo wa boti iliyopinduka na mtu ameketi juu yake, akanyoosha mikono ambayo haikuwa yake, yenye bangili za shaba, akashika ubao, akasikia mdomo wake mwenyewe ukilia, "Papa Octave, ni minye, Mwamvua, nivute," na mtu yule akageuka, akamtazama, akainua kasia.

Lilishuka juu ya vidole. Agathe alisikia mifupa. Likashuka tena.

Picha ilipozimika alibaki amekaa gizani, vidole vyake vikiwaka moto ingawa havikuwa na alama. Kutoka kwenye spika, karibu sana na sikio lake, sauti ya mwanamke ikasema, "Umeona?"

Alimkuta Octave nyumbani akila.

"Papa Shalom," alimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida, ila kwa sauti ndogo, "Mwamvua ni nani?"

Octave aliacha tonge hewani. Alikaa hivyo mpaka mchuzi ukamchuruzika kiganjani.

"Nani alikuambia ile jina?"

"Yeye mwenyewe."

"Boti ilikuwa inabingirika," alisema bila kumtazama. "Angepanda, tungekufa wote wawili."

"Basi ulimupiga."

"Sikupiga muntu. Hakuna aliyeona." Alirudisha tonge sahanini, akaosha mikono. "Na weye ukisema hii maneno inje, utatafuta bwana mwingine."

Usiku ule Agathe hakulala akiuelekea ukuta kama kawaida, aliogopa kumpa Octave mgongo. Huenda angenyamaza hivyo hivyo, kwa miaka, kama wanawake wengi wanavyonyamaza, lakini siku iliyofuata Shalom hakuonekana baada ya shule. Walimtafuta kwa majirani, mpaka Agathe akafungua sanduku, ambalo lilikuwa limezimwa na kufungwa kwa kufuli. Binti yao alikuwa kwenye kiti cha mbele, amejifunga mkanda, nywele zimelowa, maji yanamdondoka kwenye sare ya shule.

"Mama mumoja njo aliniambia ningojee hapa," mtoto alisema. "Alisema papa akikataa kuja, tutaenda minye na yeye."

Agathe alimbeba mpaka kwa dada yake, kisha akaenda moja kwa moja kumwita Maalim Yusufu. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, wala hakuwahi kukanyaga uwanja wa msikiti, lakini mji mzima ulijua kwamba mzee huyo, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara waliotulia Uvira tangu enzi za mababu, hakuogopa vitu vya namna hii. Alimsimulia kila kitu isipokuwa jina la yule mwanamke. Aliona haya kulitamka.

Maalim alikuja alasiri, wateja wakiwa bado wamejazana mlangoni na Octave amesimama kando ya ngazi. Alilizunguka sanduku akilinusa, akaweka kiganja juu ya bati.

"Wafu hawarudi, mama," alinong'ona. "Lakini kila muntu anazaliwa na jini yake, qarini, anatembea naye tangu tumboni. Muntu akiuawa kwa zuluma, kuna qarini anakataa kuondoka. Anabaki na sauti yake, na yote aliyoona. Huyu alikuwa anatafuta mwili. Mashini yenu iko na macho, iko na miguu, iko na pumzi. Angetafuta nini tena?"

Akaanza kusoma. Mashine ilikuwa imezimwa, waya wa umeme umechomolewa. Hata hivyo feni ziliamka moja moja, zikapuliza baridi yenye harufu ya ziwa, na spika zikatoa mlio kama wa mtu anayekohoa maji.

"Mjomba Yusufu," sauti ilisema. "Usinisomee minye. Musomee yeye."

Maalim aliacha kusoma katikati ya aya. Aliijua sauti ile. Mwamvua alikuwa mtoto wa dada yake aitwaye Bibi Sofia, wa mtaa wa Songo; alikwenda Baraka kuuza vitenge, na familia yote iliambiwa kwamba maji yalimchukua kama yalivyowachukua wenzake.

Alimgeukia Octave. "Bwana, ni kweli?"

Watu mlangoni walisogea karibu. Octave aliwatazama, akatazama mashine yake, akalazimisha kicheko.

"Kweli gani? Hii ni spika, muntu ametia sauti."

"Sema kweli mbele ya hawa watu, twende kwa mama yake, umuombe musamaha. Hapo nitakuwa na neno ya kumwambia huyu. Bila hiyo sina."

"Sina kitu ya kusema." Octave alipanda ngazi, akakaa kiti cha mbele, akavuta mkanda. "Mama Shalom, rudisha waya, uwashe. Waone kama kuna jini."

"Usiwashe," Maalim alisema taratibu.

Agathe alikuwa ameshachomeka waya, kidole kikiwa juu ya kitufe. Alifikiria nywele za mtoto wake zilizolowa. Alifikiria pia vile vidole vyenye bangili, na jinsi mume wake alivyoosha mikono yake baada ya kula. Akawasha.

Mlango ulijifunga. Kwenye skrini ndogo ya mwendeshaji, treni ilipita juani, abiria wa picha wakipunga mikono, huku sanduku lenyewe likianza kuyumba kama boti; likapanda, likabingirika, miguu ya chuma ikilia, na ndani yake wakasikia Octave akicheka, kisha akikohoa, kisha akisema yupo, anamwona, amshike mkono, akimwita Mwamvua kwa jina, akimwomba kwa Mungu wake na kwa Mungu wa Mwamvua, na katikati ya maombi hayo likaja pigo, zito, la mti juu ya mfupa, na jingine, na jingine, hata wanawake mlangoni wakaziba masikio na Maalim akajitupa kwenye kitufe chekundu cha kusimamishia, akakibonyeza mara nyingi, na sanduku halikusimama mpaka lilipotaka lenyewe.

Walimtoa akiwa hai. Nguo zake zilikuwa kavu. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimevunjika, na mwili wake ukawa unayumba, kulia na kushoto, polepole, hata walipomlaza sakafuni.

Maalim aligusa bati la sanduku, kisha kifua cha Octave.

"Amehama," alisema.

Hospitalini walimfunga vidole, hawakuona ugonjwa mwingine. Octave aliwaeleza madaktari wote kwamba macho yake yanaona chumba, ukuta, na taa, lakini mwili wake uko majini na haukubali kutoka. Akakiri bila kuulizwa. Alikiri kwa wauguzi, kwa wagonjwa wenzake, na kwa wafagiaji.

Agathe na ndugu zake walimbeba mpaka Songo, uani kwa Bibi Sofia, Maalim akiwa pembeni. Mama wa watu alikaa kwenye mkeka akamsikiliza mpaka mwisho.

"Alikuita?" aliuliza.

"Aliniita kwa jina yangu."

"Na ulimujua?"

"Nilimujua, mama."

Bibi Sofia alimtazama akiyumba pale chini. "Basi kaa kule," alisema, akainuka, akaingia ndani.

Agathe alimgeukia Maalim, akamwomba asome japo kidogo. Mzee alitikisa kichwa. "Mwenye haki amesema. Minye ni mjomba tu."

Wakamrudisha nyumbani. Agathe alimlaza, akamfunika, akamwekea mto chini ya kichwa. Hakuwa na hasira tena, wala hakuweza kumwonea huruma. Alikuwa akifanya kazi tu.

"Mama Shalom," Octave alinong'ona, "uninyanyue kidogo. Maji inafika ku kidevu."

Akamwongezea mto wa pili. Octave akatulia, akapumua.

Asubuhi aliomba wa tatu.