Analala Kwa Baba Yake

"Siku tatu tu, Donald. Ya nne niko hapa nakupikia."

"Kama mwaka jana."

"Kama mwaka jana."

"Na mwaka juzi."

Mkamburi alikuwa amepiga magoti sakafuni akikunja sweta nzito, ile ambayo kwa joto la Voi huwezi kuivaa hata kwa kulipwa. Akaitia kwenye mfuko wake wa mistari, akafunga zipu.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa baba."

"Baba yako amekufa, Mkamburi."

"Najua. Si mimi nilimzika?"

Aliyasema hayo kwa upole kabisa, kama mtu anayekwambia chumvi iko wapi. Donald akahisi kitu baridi kikimpanda mgongoni, na nje jua lilikuwa linapasua mawe.

Sasa niwape picha, maana ploti ile ya Mwakingali, hapo Voi, naijua vizuri. Nyumba sita, bomba moja la maji, na masikio yasiyohesabika. Donald Muasya alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Mkamburi alikuwa mwalimu wa Historia. Miaka mitatu walikaa pamoja bila ndoa, ile ya njoo tukae, na watu wakazoea kumwita Donald baba nyumba. Lakini kila Donald alipotaja kanisa, Mkamburi alimwambia angoje kidogo. Na kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe aliyohamia kwake, alipanda Werugha, kwao milimani, akalala huko siku tatu. Akirudi alikuwa mchangamfu, nyumba inanukia pilau, na neno hasemi.

Donald akasimama mlangoni.

"Safari hii nikuambie kitu. Ukienda bila kunieleza, usirudi."

Mkamburi akamtazama, machozi yakimlengalenga.

"Nikikueleza utanicheka. Ulishanicheka mara moja."

Akaupitisha mfuko wake pembeni mwa kiuno cha Donald, akaenda.

Akina mama wa bombani walikwisha kata kesi kabla mfuko haujafika stendi. Kiongozi wao alikuwa Kasyoka, jirani wa mlango wa pili, mwuza mboga ambaye kabichi zake huzinunua huko huko Werugha. Mtu mzuri, msinielewe vibaya. Ukiugua ni yeye atakuletea uji. Ila ataondoka na habari ya ugonjwa wako.

Siku ya pili simu ya Donald ikalia. Ilikuwa picha, na chini yake maneno:

*"Muasya mdogo wangu, sipendi umbea, lakini macho yangu hayana pazia. Nimekuja kufuata kabichi. Huyu si bibi yako? Na huyu mzee wa koti ni nani wake?"*

Picha ilipigwa kwa nyuma. Njia nyembamba kati ya matuta ya shamba, ukungu umefika magotini. Mkamburi anatembea na sweta yake. Ubavuni pake mwanamume mrefu, koti refu la kijivu, kofia, fimbo. Wamekaribiana kama watu wanaonong'onezana.

Kufikia jioni mzee wa koti alikuwa ameshapata jina bombani. Mubaba wa Werugha, yaani mzee mwenye pesa anayehonga wasichana. Wengine walimpa mashamba, wengine wakampa ng'ombe wa maziwa, na mmoja aliapa kwamba anajua hata gari lake.

Donald alipiga simu, hapatikani. Akaandika:

*"Uko na nani huko?"*

Jibu lilikuja baada ya muda:

*"Niko peke yangu na baba. Imebaki leo na kesho. Nivumilie, mpenzi."*

Peke yangu na baba. Donald aliyasoma maneno yale mpaka yakaacha kuwa maneno.

Siku ya tatu, mchana, akafunga duka, akawasha pikipiki. Alipita Mwatate jasho likimtoka. Alipoanza kupanda kona za Wundanyi jasho likamkaukia, na alipokaribia Werugha meno yalikuwa yanagongana. Shati lake lilikuwa jepesi la mikono mifupi. Hakuwahi kufika huku. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lote, na alilijua.

Mzee Obadiah, baba yake Mkamburi, alikuwa ametuma neno zamani: kijana aje na wazee wake, waketi, wasikizane. Donald akasema atakuja. Kila mwezi atakuja. Mkamburi akachoka kungoja, akahamia Mwakingali, na mzee akafa mwaka ule ule. Siku ya mazishi Donald alifika Wundanyi tu, akageuza pikipiki.

Akamkuta mama mmoja amebeba kibuyu cha maziwa, akamwuliza nyumba ya marehemu Obadiah. Mama akamwangalia shati, akamhurumia.

"Pita pale penye miti. Ameketi nje leo."

Donald akashukuru. Alikwisha mpita ndipo maneno yakamfika vizuri. Ameketi nje nani? Akajiambia mama anamaanisha mrithi, Morris, kaka yake Mkamburi. Hakugeuka kuuliza.

Ukungu ulikuwa mzito uani, mweupe kama maji ya mchele. Kuku hawakuwepo. Mbwa hakubweka. Mbele ya mlango, kwenye kigoda, aliketi mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu. Kofia ilikuwa magotini. Uso wake ulikuwa uso wa Mzee Obadiah, ule ule wa picha iliyo sebuleni kwao Voi: masharubu meupe, kovu dogo kwenye nyusi. Haukucheza. Macho hayakupepesa.

Donald akarudi nyuma hatua moja. Halafu akakumbuka, na moyo ukamrudi.

Sura. Ile sura ya karatasi na gundi.

Mwaka uliopita Mkamburi alikuwa amewafundisha wanafunzi wake wa maigizo habari za Warumi wa kale, serikali yao na sheria zao. Akamsimulia Donald kwamba nyumba kubwa za Roma zilihifadhi nyuso za wazee waliokufa, zimetengenezwa kwa nta, kabatini, ukumbini kabisa. Ikiwa msiba, mtu alivaa uso wa marehemu na nguo za cheo chake, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye. "Sisi tulikuwa tunaweka mafuvu ya wazee kwenye mapango," Mkamburi alisema. "Wao waliweka nyuso. Hatujapishana sana." Wanafunzi hao wakatengeneza uso mmoja kwa kufuatisha picha ya Mzee Obadiah. Donald alikataa ukae nyumbani, ukarudishwa shule.

Kumbe ndiyo huu, akawaza. Kumbe mubaba ni Morris, amevaa sura ya baba yao. Nusura acheke. Kisha aibu ikamshika, maana alikuja na ngumi na sasa hakujua aziweke wapi.

"Shikamoo," akasema, ingawa Morris ni mdogo wake kwa umri.

"Umekuja na nani?"

Sauti ilitoka ndani sana, kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili.

"Niko peke yangu."

"Wazee wako wako wapi?"

Angeweza kusema, Morris acha mchezo. Lakini aliangalia ule uso, na jambo alilolificha miaka mitatu likatoka lenyewe.

"Sina wazee. Baba yangu alituacha nikiwa mdogo, wajomba hatujuani nao. Mama ndiye alinilea, anauza chai na maandazi Miasenyi kando ya barabara. Niliona haya kupanda huku bila mtu wa kunisemea. Nikasema nitatafuta wazee, nitakodisha hata, halafu mzee akafa. Siku ya mazishi nilifika Wundanyi nikarudi. Sikuweza kumwangalia."

Ukungu ukapita kati yao. Ulipopungua, yule mtu alikuwa bado ameketi vile vile.

"Nilikuwa nangoja mtu," akasema. "Sikuwa nangoja wazee."

Donald akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji.

Yule mtu akainua kibuyu kilichokuwa kando ya kigoda, akanywa funda moja. Donald alijua kinachokuja. Wadawida, yaani Wataita, huliita tendo hilo kutasa. Mwenye kinyongo hupuliza funda la maji ya miwa, akatamka maneno, na hasira inatoka isije ikaua mtu nyumbani. Funda lile lilimpiga Donald kifuani, la baridi mno, likanukia miwa.

"Kama nilikukasirikia, itoke. Kama nilinyamaza, itoke. Iteremke na maji ikapotelee nyikani. Binti yangu akae."

Akavaa kofia, akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba akaingia kwenye migomba. Donald alimtazama mpaka mwisho. Hakuna jani lililotikisika.

"Donald?"

Mkamburi alikuwa anapanda kutoka kijitoni na ndoo ya maji. Akaitua. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu.

"Umekuja kunifukuza huku huku?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nimeshaomba. Morris amenitasia."

"Morris yupi?"

"Kaka yako. Si alikuwa ameketi hapa na ile sura?"

Mkamburi akakitazama kigoda. Akatoa simu kwenye sweta, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Dada, nisamehe," Morris akasema, na nyuma yake sokoni watu wakipigia kelele ndizi. "Nilijua utapiga. Nimekwama Taveta tangu juzi, lori limekufa. Mwaka huu umelala peke yako, si ndiyo?"

"Ndiyo. Salimia watu."

Akakata.

"Na sura?" Donald akauliza.

"Iliyokuwa shuleni? Panya waliila likizoni. Imebaki kidevu. Nimekuja bila uso wowote, nikawa naongea na ukuta."

Akamsogelea, akashika shati lake. Lilikuwa limelowa kifuani, linanata. Akalinusa. Akafumba macho.

"Baba alikufa amefunga mdomo," akasema polepole. "Tulimwekea kibuyu kitandani, tukamwomba atutasie. Akakataa. Akasema atamtasia mwenye kosa, akiwa mbele yake. Unakumbuka ile sheria niliyokusimulia ukacheka?"

Sasa alikumbuka. Mwezi wao wa kwanza, Mkamburi anasahihisha madaftari, akamwambia kwamba sheria za kale za Roma, zile zilizochongwa zikawekwa hadharani, zilisema mwanamke akikaa kwa mwanamume mwaka mzima bila kukatiza, amekuwa chini ya mkono wake. Asiyetaka alilala nje siku tatu mfululizo, kila mwaka, akabaki wa nyumba ya baba yake. Donald alicheka akasema basi yeye atafunga mlango kwa kufuli.

"Nilikuwa nalala kwa baba ili nibaki wake," Mkamburi akasema. "Niliogopa nikiwa wako kabisa na ile hasira haijatoka, itakula wewe. Au mtoto tukimpata. Sikuwa na mwanamume mwingine, Donald. Nilikuwa nakununulia mwaka mmoja mmoja."

"Lakini ulisema kwa Warumi baba akifa, binti anakuwa huru."

"Kwa Warumi. Kwetu akifa ndiyo anaanza kutawala."

Donald akatoa simu, akamwonyesha ile picha ya Kasyoka, akamwuliza basi huyu ni nani. Mkamburi akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

"Nilitembea peke yangu siku hiyo," akasema. "Na hilo koti tulimzika nalo."

Walisimama pale, ukungu unawapita, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuangalia migomba.

Halafu Mkamburi akauliza jua liko wapi. Donald akasema bado lipo, nyuma ya mawingu.

"Nikilala hapa leo, siku tatu zimetimia. Nimekuwa wa baba mwaka mwingine."

"Na usipolala?"

Mkamburi aliingia ndani akatoka na mfuko wa mistari. Akakiingiza kigoda ndani, akafunga mlango, na pale mlangoni akasema neno moja la Kidawida kwa sauti ya chini. Donald hakuuliza maana yake. Alimvua sweta yake akaivaa yeye, maana ndiye aliyekuwa anaendesha, na jua lilipogusa milima walikuwa wamekwisha ipita Mwatate.

Ploti nzima ilikuwa nje kuwapokea, ati watu wanaanika nguo jioni hiyo. Kasyoka akamvuta Donald kando.

"Muasya, umemrudisha? Na yule mubaba?"

"Ni mkwe wangu. Tumeonana, tumeongea. Amenipa mke."

"Mkwe? Si ulisema baba yake alifariki?"

"Ndiyo."

Kasyoka akafungua simu yake, akaitazama picha, akaifuta. Akaitazama simu tena kana kwamba haiamini. Tangu siku hiyo kabichi zake anaagiza, hapandi kwenda kuzichagua. Lakini harusini, kule Mbololo karibu na Voi, ndiye aliyesimamia masufuria, na mama yake Donald alikuja na maandazi ya Miasenyi beseni mbili, akaketi mbele kabisa, mahali pa wazee, peke yake. Hakuna aliyemwuliza wenzake wako wapi. Morris aliacha kiti kimoja kitupu ubavuni pa huyo mama, na watu walijaa wakasimama, lakini kile kiti hakikukaliwa.

Mwaka ukazunguka. Tarehe ilipokaribia, Mkamburi aliutoa mfuko wa mistari chini ya kitanda. Donald alikuwa anakula. Akaacha kutafuna.

Mkamburi akaukung'uta vumbi, akatia ndani nguo ndogo ndogo za mtoto alizokuwa akizinunua kimya kimya, akaupandisha juu ya kabati.

"Kula," akasema. "Siendi mahali."