Sufuria za Mshindi wa Kwanza

Kila siku alfajiri, Spoki alikuwa jikoni akichemsha mayai sita. Manne yalikuwa ya mkewe. Moja lilikuwa la mama yake. Lililobaki lilikuwa lake, nalo mara nyingi lilikuwa limepasuka.

Spoki alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba kama waya wa gurudumu, na ukimgusa kidogo tu anapiga kelele.

Mkewe walimwita Kasi. Kazi yake ilikuwa triathloni. Katika mchezo huo mtu anaogelea kilomita moja na nusu. Anatoka majini mbio, anapanda baiskeli kwa kilomita arobaini. Kisha anashuka na kukimbia kilomita kumi kwa miguu. Hakuna kupumzika katikati.

Mama yake Spoki, aliyeishi nao, alikuwa hajaielewa kazi hiyo.

"Mwanangu," alimwambia Kasi asubuhi moja, "baiskeli si unayo?"

"Ninayo, mama."

"Nzima?"

"Nzima kabisa. Mwanao ameitengeneza."

"Halafu unafika nayo mahali, unaiacha, unakimbia kwa miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna anayekufukuza?"

"Wapo, mama. Wengi."

Mama alitikisa kichwa, akaendelea kumenya yai lake.

Siku ya mashindano makubwa ya mwaka, Spoki na mama yake walisimama kwenye mstari wa mwisho. Kasi alitokea kwenye kona peke yake, jasho likimtiririka. Mwanamke wa pili hakuonekana hata kivuli. Spoki alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Mama, ambaye hakuelewa chochote, alishangilia kumzidi.

Ukafika wakati wa zawadi. Mwenyekiti wa chama cha triathloni alipanda jukwaani. Kwanza alimwita mshindi wa wanaume, kijana aliyeitwa Pezi kwa sababu ya kuogelea. Pezi alikabidhiwa hundi ya kadibodi, kubwa kama mlango. Iliandikwa laki tano.

"Na sasa," alisema Mwenyekiti, "zawadi maalum kwa mama zetu!"

Kasi hakuwa na mtoto bado. Hata hivyo alipanda. Akakabidhiwa boksi lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa.

Nyumbani walilifungua. Ndani mlikuwa na sufuria saba. Vifuniko vilikuwa sita.

Kasi alizitazama. "Ninahitaji tairi mbili mpya," alisema polepole. "Ninahitaji nauli ya mashindano yajayo. Nikifika kwa mkata tiketi, nimpe sufuria gani? Kubwa au ndogo?"

Damu ilimchemka Spoki. "Kesho naenda kwa Mwenyekiti. Nitamweleza neno moja moja. Atanitambua!"

"Nenda," alisema Kasi. "Lakini usipige kelele."

"Mimi? Kelele?" alipiga kelele Spoki.

Kesho yake aliondoka asubuhi. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake. "Mwenyekiti, umetudharau. Mwenyekiti, hatukubali." Watu walimpisha njiani.

Mwenyekiti alikuwa na duka la vyombo vya nyumbani. Spoki alipoingia tu, Mwenyekiti alifungua mikono.

"Shemeji! Karibu, karibu! Leteni kiti! Leteni soda ya baridi!"

Ni vigumu kumgombeza mtu aliyekupa soda. Spoki alikaa, akanywa. Alijaribu kuanza.

"Mwenyekiti, kuhusu ile zawadi..."

"Nzuri, sivyo? Chuma kizito kile. Hakiunguzi."

"Ndiyo, lakini Pezi amepewa laki tano."

"Shemeji, wanaume wanakimbia kwa kasi zaidi. Na wanawake ni wachache, kumi na mmoja tu. Tukiwapa fedha, wanaume watasemaje? Mimi nawapenda sana wanawake. Ndiyo maana niliwachagulia kitu cha kudumu." Akamsogelea. "Kuna tatizo lolote na sufuria zenyewe?"

"Kifuniko kimoja hakikuwemo," alisema Spoki.

"Basi hilo dogo!"

Saa sita mchana Spoki alirudi nyumbani. Kasi na mama walikuwa wakimsubiri mlangoni.

"Umemweleza?" aliuliza Kasi.

"Nimemweleza."

"Akasemaje?"

Spoki aliinua mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko mlikuwa na kifuniko na risiti.

"Umekwenda kudai haki," alisema mama yake, "ukarudi umenunua kifuniko?"

"Alinipunguzia bei," alijibu Spoki kwa sauti ndogo.

Kasi alicheka mpaka akakaa chini. Spoki alikasirika, kisha naye akacheka, maana hapakuwa na la kufanya.

Wakati huo aliingia jirani yao, Mama Karani, akisukuma baiskeli yenye pancha. Mama huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka thelathini, na sasa amestaafu. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi, na hakuwahi kutoka bila kalamu. Alisikiliza kisa chote. Kisha akaomba kuiona risiti.

"Sufuria mlizopewa ni kama hizi za dukani kwake?" aliuliza.

"Ndizo hizo hizo," alisema Spoki. "Zimejaa rafu nzima."

"Kwa hiyo chama kilinunua zawadi kwenye duka la mwenyekiti wa chama?"

Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo.

"Ni mwizi!" alifoka Spoki.

"Sikusema mwizi," alisema Mama Karani. "Nawe usiseme, huna ushahidi. Pengine aliuza kwa bei ya haki. Pengine alipunguza, kama alivyokupunguzia wewe. Lakini mtu hawezi kuwa mnunuzi na muuzaji kwa wakati mmoja. Huo unaitwa mgongano wa maslahi. Mwenye maslahi hutakiwa kusema mapema, kisha atoke nje wenzake waamue." Akamgeukia Kasi. "Wewe ni mwanachama?"

"Ndiyo. Nalipa ada kila mwaka."

"Sawa na wanaume?"

"Sawa sawa."

"Na umbali?"

"Ule ule. Maji yale yale, na kilima kile kile."

"Basi chama ni chako pia. Katiba yake umeisoma?"

Kasi alikiri kwamba hajawahi hata kuiona.

"Hapo ndipo pa kuanzia," alisema Mama Karani. "Chama kina katiba, yaani sheria zake chenyewe. Humo mmeandikwa nani anaamua, lini, na wewe ufanye nini usiporidhika. Kelele za mumeo hazimo humo."

Kasi alikwenda kwa katibu wa chama kuomba nakala. Katibu alitafuta kabatini, chini ya meza, na juu ya dirisha. Mwishowe aliipata katika boksi la kofia za kuogelea, imekunjamana. Katibu mwenyewe aliishangaa kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea.

Walikaa karakanani kwa Spoki, wakaisoma pamoja. Mama Karani aliweka alama kwa kalamu.

"Kifungu cha tisa. Mkutano mkuu ufanyike kila mwaka. Wa mwisho ulikuwa lini?"

Kasi alihesabu kwa vidole. "Miaka sita iliyopita."

"Kifungu cha kumi na moja. Mwanachama mmoja kati ya kila watano wakiandika barua na kutia saini, kamati lazima iitishe mkutano maalum ndani ya siku ishirini na moja. Mko wangapi?"

"Sitini."

"Basi mnahitaji saini kumi na mbili."

Wanawake wote kumi na mmoja walitia saini ndani ya siku mbili. Ilibaki moja. Wanaume wengi walijikuna vichwa. Mmoja alisema mkono unamuuma. Mwingine alisema kalamu haimpendi.

"Nenda kwa Pezi," alishauri Mama Karani.

"Pezi?" Spoki alishangaa. "Huyo ndiye aliyepewa fedha!"

Walimkuta Pezi nyumbani kwake. Hundi ya kadibodi ilikuwa imeegemezwa dirishani kuzuia jua.

"Ulizitumiaje laki tano?" aliuliza Kasi.

"Laki tano zipi?" alisema Pezi kwa uchungu. "Hii sijalipwa, na hata ya mwaka jana sijalipwa. Nikimuuliza Mwenyekiti, ananipa soda. Nilibeba kadibodi hii mpaka benki. Karani wa benki aliwaita wenzake waje kupiga picha."

Kasi akamweleza habari ya barua. Pezi hakuuliza swali la pili. Alitia saini kubwa iliyogusa majina mawili ya jirani. Baada yake, wanaume wengine tisa walifuata, akiwemo yule wa kuumwa mkono.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa bwawa la kuogelea. Katiba ilidai nusu ya wanachama wahudhurie. Walifika arobaini na mmoja. Spoki hakuwa mwanachama, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje juu ya kreti, kichwa dirishani. Kasi alimwapisha asiseme neno, naye alikuwa ameuma kitambaa.

Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake. Kasi alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, leo tunajadili uamuzi wako mwenyewe. Kifungu cha kumi na nne kinasema tuchague mtu mwingine wa kuongoza kikao."

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu aliitazama katiba, akaitikia kwa kichwa. Walimchagua mwalimu wa kuogelea, mtu mpole mwenye filimbi.

"Ndugu wanachama," alijitetea Mwenyekiti, "zawadi niliyowapa wanawake ilitoka moyoni. Sufuria kwa mwanamke ni kitu cha maana."

"Ahsante," alisema Kasi. "Lakini nyumbani kwetu anayepika ni mume wangu. Zawadi yangu ameshinda yeye, na hata majini hakuingia."

Ukumbi mzima uligeuka dirishani. Spoki, kitambaa mdomoni, aliinua mkono kusalimia. Watu walicheka mpaka mwalimu akapuliza filimbi.

Kisha Kasi aliuliza maswali, kwa utulivu, kama alivyofundishwa na Mama Karani. Barua ya wafadhili waliotoa fedha za zawadi inasemaje? Katibu aliisoma. Ilisema fedha ni za washindi, bila kutaja wanaume wala wanawake. Nani aliamua zawadi ziwe sufuria? Mwenyekiti. Zilinunuliwa wapi? Hapo Mwenyekiti alipangusa uso.

"Dukani kwangu," alisema. "Lakini kwa bei ya chini! Sikujua kwamba ni kosa. Fedha nyingine zilikodi jukwaa na spika, ndiyo maana Pezi alisubiri."

"Miezi kumi na nne!" alisema Pezi.

Mapendekezo yaliandikwa ubaoni. Nafasi sawa, zawadi sawa. Viwango vya zawadi vitangazwe kabla ya watu kujiandikisha. Malipo yapitie benki ndani ya siku saba. Wanariadha wawili, mwanamke na mwanamume, waingie kwenye kamati. Mwenye maslahi aseme, kisha atoke nje. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje, na uchaguzi ufanyike mwezi ujao.

Walipiga kura za siri. Mwalimu alianza kusoma matokeo. Spoki alijinyoosha asikie vizuri. Kreti ikavunjika, akatoweka dirishani. Alisikia kelele kubwa, asijue ni za furaha au za kumcheka.

"Tumeshinda?" aliuliza kutoka chini.

"Thelathini na tatu kwa nane!" alijibu Kasi. "Umeumia?"

"Bado sijajua!"

Mwezi uliofuata mwalimu wa kuogelea alichaguliwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa zamani hakugombea. Mkaguzi alipitia hesabu, na deni la Pezi likalipwa. Pezi na Kasi waliingia kwenye kamati.

Mashindano yaliyofuata, orodha ya zawadi ilibandikwa ukutani wiki nne kabla. Habari zilienea. Safari hii walijiandikisha wanawake thelathini na wanne, wengine kutoka mbali. Kasi alitumia nguvu zake zote na akawa wa tatu.

"Umeona sasa?" mama alimwambia. "Umewaita mwenyewe, wamekupita."

"Wamenipita kwa haki, mama," alisema Kasi akihema, huku akicheka.

Siku ya tano, fedha ziliingia benki. Mwanamume wa tatu alipata kiasi hicho hicho. Kasi alinunua tairi zake mbili na tiketi ya safari.

Msimu mpya ulipokaribia, chama kilitafuta fundi wa kukagua baiskeli siku ya mashindano. Spoki aliandika maombi, akavaa shati safi, akangoja. Alikuwa na uhakika. Mkewe si yumo kwenye kamati?

Jioni Kasi alirudi.

"Kazi amepewa fundi mwingine," alisema. "Bei yake ilikuwa ndogo, na ana vifaa zaidi."

"Nawe ulikubali?" Spoki aliruka. "Hukusema hata neno?"

"Sikuwemo. Nilisema wewe ni mume wangu, nikatoka nje."

"Nje ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekaa kwenye benchi, nakunywa maji."

Spoki alikwenda moja kwa moja kugonga mlango wa Mama Karani. Alimweleza yote, mikono ikiruka huku na huku. Mke wake mwenyewe! Baada ya mayai yote yale!

Mama Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alivaa miwani yake, akampa mkono.

"Hongera, jirani," alisema. "Chama chenu kimepona."

Spoki aliutazama mkono ule. Kisha akaupokea.

"Mwakani," alisema, "nitapunguza bei."