Nanga Iliyobaki Kisiwa cha Moto

Zamani hizo Sikilia, nchi ya kisiwa, ilikuwa mikononi mwa Waislamu, na Warumi wa ng'ambo walikuwa wakiitafuta kwa udi na uvumba. Kaskazini ya nchi ile kulikuwa na safu ya visiwa vilivyozaliwa na moto. Milima yake ilisimama wima kutoka kilindini, hata chombo kingeweza kukwaruza mwamba kwa ubavu na bado bildi, ile risasi ya kupimia kina, isipate chini. Pale palipokuwa na mchanga wa kushika nanga, palikuwa padogo kama uwanja wa nyumba, na asiyepajua aliishia kwa samaki.

Makhlufu bin Tamimu alipajua. Alikuwa rubani wa merikebu iliyoitwa Mubaraka, na nahodha wake alikuwa mdogo wake wa baba mmoja na mama mmoja, Ziyadi. Ndugu hawa hawakufanana hata kwa kukosea. Ziyadi alikuwa mrefu, kilemba chekundu, upanga wenye mpini wa fedha, na sauti ya kuamrisha. Makhlufu alikuwa mwoga. Sisemi kwa kumsengenya, mwenyewe alikiri. Aliogopa radi, aliogopa mawingu madogo, na mabaharia walimwita Mwoga mbele ya uso wake naye akaitika.

Mwaka ule Warumi walikuwa wameizingira ngome ya Kalati Wardi kutoka bara, na mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa wa bahari. Ndani ya ngome watu walikuwa wakila majani ya mizabibu na ngozi za viatu. Lubaba, mke wa Makhlufu, alikuwa miongoni mwao. Mubaraka ilikuwa imejaa ngano hadi chini ya sitaha, na ngano hiyo isipofika, ngome ingefunguliwa kwa njaa na waliomo wangeuzwa au kuuawa. Makhlufu alilijua hilo kila alipomeza tonge.

Merikebu mbili za vita za Warumi, zenye makasia mengi, ziliwafukuza kutwa nzima. Makhlufu akawaponyesha kwa kuingia katika ghuba nyembamba ya Kisiwa cha Moto, nyuma ya pua ya mwamba mweusi, wakatia nanga pale. Asubuhi yake Warumi walionekana wakizunguka nje, wakitafuta.

"Tutakaa hapa mpaka wachoke," alisema Ziyadi. "Kisha tutweke tanga tuondoke."

Makhlufu alikuwa ameketi omoni, mbele ya chombo, akifanya kazi waliyoiita kusikiliza amari. Kila chombo cha bandari yao kilipotia nanga mahali pabaya, rubani alikaa na kiganja juu ya amari, yaani kamba nene ya nanga, ili ajue kwa mkono kama nanga inashika au inaburura. Nanga inayoburura hutetemesha kamba kwa kukwaruza. Mkono wa Makhlufu ulikuwa umesikiliza amari miaka mingi, na asubuhi ile ulisikia kitu kisichokuwa mkwaruzo. Kamba ilikuwa ikigonga, taratibu, dum, kisha kimya, kisha dum. Bahari ilikuwa shwari na chombo kimetulia. Kilichogonga kilikuwa chini.

Akaondoa mkono, akaufuta kwenye joho, akaurudisha. Dum.

"Ziyadi," akaita. "Njoo ushike."

Ziyadi akaja, akashika, akatikisa kichwa. "Sisikii kitu, kaka."

"Mlima unaamka. Tuondoke."

Baharia mmoja mcheshi aliyeitwa Jauhari akaangua kicheko. "Jana rubani wetu alisikia Warumi kwenye mlio wa shakwe. Leo anasikia mlima kwenye kamba. Kesho atasikia kiama kwenye sufuria!"

"Cheka, mwanangu," alisema Makhlufu. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nakitaka kicheko."

Hata hivyo hakuridhika na mkono wake. Akachukua bildi, akapaka shahamu kwenye kitako cha risasi kama ilivyo kawaida, ili mchanga wa chini unate na rubani ajue amesimama juu ya nini. Jana shahamu ilipanda na mchanga mweusi. Safari hii risasi ilipanda tupu. Shahamu yote ilikuwa imeyeyuka, na risasi yenyewe ilikuwa na joto la jiwe lililotoka jikoni. Akampa Jauhari aishike. Jauhari akaishika, akaitazama, akaacha kucheka.

Ndipo samaki walipoanza kuelea. Kwanza wawili watatu, kisha uso wa ghuba ukawa mweupe kwa matumbo yao. Harufu ya kiberiti ikapanda, na lami iliyopakwa kwenye amari ikaanza kulainika na kudondoka majini.

Ziyadi hakuwa mpumbavu. Akaamuru nanga ing'olewe. Watu wakaikamata amari, wakavuta wakiimba, kisha wakavuta bila kuimba, mishipa imewatoka shingoni. Nanga haikusogea. Ilikuwa imeuma mwamba.

"Kata," alisema Makhlufu.

Watu wakaiachia amari. Katika bandari yao nanga haikukatwa. Siku chombo kiliposhushwa majini, nahodha na mabaharia waliapa msikitini kwamba hawataitupa nanga yao, kwa sababu zamani manahodha waoga walikuwa wakikata na kukimbia, wakiwaacha wenzao kwenye hatari. Aliyekata hakukanyaga chombo tena maisha yake yote, awe nani awe nani. Na nanga hii ilikuwa ya marehemu baba yao.

"Vuteni tena," alisema Ziyadi.

"Ndugu yangu, hakuna wakati."

"Nimesema vuteni! Nikikata, mimi si nahodha tena. Nitakuwa nani? Nitauza vitunguu sokoni?"

Makhlufu akamtazama, akamwona jinsi alivyokuwa utotoni, akishikilia kitu chake asinyang'anywe. Kisha akalifikiria tumbo la Lubaba, tupu, nyuma ya kuta zile. Magoti yake yalikuwa yakigongana waziwazi, kila mtu aliyaona. Kwa magoti hayohayo akaenda mlingotini, akachomoa shoka, akarudi omoni. Pigo la kwanza lilikosea likala ubao. La pili likaingia. La tatu likaikata amari, ikateleza majini na kupotea.

"Makasia!" akapiga ukelele, na kwa mara ya kwanza mabaharia wakamtii kabla ya kumtazama nahodha.

Walipoitokea pua ya mwamba, merikebu mojawapo ya Warumi ilikuwa ikija moja kwa moja, karibu kiasi cha kuonana nyuso. Nyuma yao mlima ukanguruma. Makhlufu alijua maneno machache ya Kirumi. Akasimama ukingoni, akapunga mikono yote miwili. "Rudini! Msiingie! Geuzeni!" Mpiga upinde mmoja wa Kirumi akamwelekeza mwenzake, wakacheka. Walidhani anaomba asiuawe. Mubaraka ikawapita ubavuni, na merikebu yao ikageuka kwa upana ndani ya mdomo wa ghuba ili iwafuate.

Bahari ikainuka nyuma ya Warumi wale. Maji yalichemka, yakapasuka, na mlima ukatema. Mchana ukawa giza. Majivu yalishuka mazito, mawe mepesi yakaelea pande zote yakigongana na mbao, na ndani ya giza lile vilisikika vilio vya watu kwa muda mfupi, kisha havikusikika. Makhlufu aliziba masikio akalia. Merikebu ya pili ya Warumi ikatoroka. Mubaraka ikapita katikati ya majivu bila kuonwa na mtu.

Ngano ilifika Kalati Wardi. Lubaba aliletwa gatini akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili, amekonda, yu hai.

Waliporudi naye bandarini kwao, mkuu wa manahodha aliona omo haina nanga. Baraza likakaa, na kipande cha amari kikawekwa juu ya mkeka. Kilikuwa kimekatwa kwa shoka, hata kipofu angejua.

"Nani aliyekata?"

Ziyadi akasimama, kilemba chekundu kichwani. "Mimi."

Makhlufu alikuwa ameketi nyuma. Alikuwa na mke aliyepona na kazi aliyoipenda, na alichotakiwa ni kunyamaza tu. Akasimama.

"Nahodha anasema uongo. Ni mimi."

"Kaka, kaa," alinong'ona Ziyadi.

"Ulikata kwa amri yake?" aliuliza mkuu.

"Bila amri."

"Kwa nini?"

"Niliogopa," alisema Makhlufu.

Wachache barazani wakacheka. Lakini hapana mtu hata mmoja wa Mubaraka aliyecheka, na Jauhari alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka miguuni. Hukumu ikatolewa kwa mujibu wa kiapo. Makhlufu hakukanyaga chombo tena. Alilima mizabibu pamoja na Lubaba kwenye mteremko unaotazama bahari, na Ziyadi kila aliporudi safari alipanda kwanza kule juu, kabla ya kwenda kwake.

Kalati Wardi ilianguka baadaye, kwa wakati wake, na Sikilia yenyewe ikapata mabwana wengine. Mashujaa wa mzingiro ule waliimbwa, kisha waimbaji wakafa. Lakini inasemekana kwamba katika visiwa vile, chombo kikitia nanga mahali pa kutisha, rubani huketi omoni na kuweka kiganja juu ya amari, na wenzake humwuliza kwa sauti ya chini, "Mwoga anasemaje?"

Wala hapana anayecheka mpaka ajibu.